Boksi la sabufa la kujitengenezea: la kuziba au la tundu, MDF au plaiwudi, kapeti au rangi

Shika sabufa mikononi bila boksi, iunganishe na amplifaya, ipige: besi haipo. Hewa inayosukumwa mbele ya koni inazunguka na kukutana na ile inayovutwa nyuma, zinafutana. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuzitenganisha hewa hizo mbili. Kazi ya pili, ambayo ndiyo mafundi hubishania, ni kuamua hewa ya nyuma ifanyweje: ifungiwe ndani iwe springi ya koni (boksi la kuziba), au itolewe nje kwa hesabu ikaisaidie ile ya mbele (boksi la tundu).

Ulinganisho huu unatumia sabufa moja ya inchi 12 na ubao wa milimita 18, ili tofauti unayoiona iwe ya boksi na si ya kitu kingine. Ukikutana na michoro ya Kimarekani, kumbuka futi moja ya ujazo ni lita 28.3, na ubao wao wa robo tatu ya inchi ni milimita 19.

Karatasi ya spika kwanza, msumeno baadaye

Sabufa ya maana huja na karatasi yenye namba: Fs (masafa, yaani mitetemo kwa sekunde au Hz, ambayo koni hupenda kutetemeka yenyewe), Qts na Qes (jinsi mtetemo huo unavyotulizwa, kwa jumla na kwa umeme peke yake), Vas (lita za hewa zenye ugumu sawa na springi ya koni), Xmax (umbali ambao koni inaweza kutembea salama). Huitwa vipimo vya Thiele na Small, kwa majina ya Neville Thiele na Richard Small, wahandisi waliozipanga wakiwa Australia kuanzia 1961 hadi miaka ya 1970. Kwa kuchagua aina ya boksi, chukua Fs uigawe kwa Qes. Jibu likiwa chini ya 50, spika hiyo inataka boksi la kuziba. Likiwa karibu na 100 au zaidi, inataka la tundu. Katikati hapo inakubali yote mawili, na sabufa nyingi za gari zimo katikati hapo, ndiyo maana ubishi hauishi.

Mfano wetu ni spika yenye Fs ya Hz 30, Qts 0.50, Qes 0.54 na Vas ya lita 45. Thelathini gawa kwa 0.54 ni kama 56. Inakubali yote, ila imeegemea upande wa kuziba.

Kama karatasi haipo, au kilichopo ni namba kubwa tu ya wati iliyochapishwa kwenye pakiti, usijenge boksi la tundu. Tundu bila vipimo ni bahati nasibu. Jenga la kuziba lenye lita 30 hadi 35 za hewa, nalo litakuwa karibu na sawa kwa inchi 12 nyingi. Wati za kuziangalia ni zile za RMS, yaani nguvu ambayo spika hubeba mfululizo. Zile nyingine ni za kuuzia.

Kuziba na tundu: nini kinabadilika sikioni

Boksi la kuziba hushuka taratibu. Chini ya masafa yake ya mwisho, sauti hupungua kwa desibeli 12 kila masafa yanapogawanyika kwa mbili. La tundu hushikilia nguvu hadi karibu na masafa ya tundu (yale ambayo tundu limepangwa kuvuma), halafu hudondoka mara mbili ya hapo: desibeli 24. Kwa mtu aliyekaa sebuleni hiyo ni sababu kubwa ya kupenda tundu. Ndani ya gari mambo ni tofauti, kwa sababu chumba cha gari ni kidogo na chenyewe huongeza masafa ya chini. Katika gari dogo nyongeza hiyo huanza takriban Hz 60 au 70 kushuka chini, na mwendo wake unakaribia kufidia ule mteremko wa boksi la kuziba. Ndiyo maana boksi dogo la lita 35 ndani ya Vitz linaweza kukushangaza kwa kina chake, ilhali ukiliweka sebuleni linaonekana limepungukiwa.

Tundu linachokupa ni kelele zaidi kwa wati zile zile. Karibu na masafa ya tundu faida ni takriban desibeli 3, na desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu. Mwenye amplifaya ya wati 300 na buti kubwa haoni kwa nini akatae zawadi hiyo.

Sasa upande wa muziki. Singeli ina mapigo ya haraka mno yanayofuatana bila kupumua. Boksi la kuziba huyatenganisha vizuri, koni inasimama mapema. Gitaa la besi kwenye rumba halishuki sana, uzi wake mnene kwa kawaida ni Hz 41, na boksi la kuziba linaufikia bila taabu. Amapiano na rege ya kisasa ni hadithi nyingine: besi yake ndefu, inayovutwa, chini ya Hz 45, ndiyo chakula cha boksi la tundu. Mtu anayesikiliza kwaya na taarab asipoteze lita mia za buti kwa ajili ya tundu.

Kuna hatari moja ambayo wauzaji huisahau. Ndani ya boksi la kuziba hewa huishika koni kila wakati. Katika la tundu, masafa yakiteremka chini ya yale ya tundu, hakuna kinachoishika tena: koni inatembea bure, koili inagonga sumaku, spika inakufa ikiwa bado haijapokea hata nusu ya wati zake. Kwa hiyo boksi la tundu linadai amplifaya yenye kichujio cha kuzuia masafa ya chini kabisa. Tundu likiwa Hz 35, kichujio kiwekwe kati ya 28 na 30. Kama amplifaya yako haina kichujio hicho, uamuzi umeshafanyika: ziba.

Kosa la lita chache

Tofauti kubwa kwa anayejenga mara ya kwanza ni hii: boksi la kuziba husamehe, la tundu halisamehe.

Hesabu ya kuziba ni fupi. Gawa Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa Qts. Jibu linaitwa Qtc. Likiwa 0.7 sauti imenyooka, likifika 0.9 na kuendelea besi inaanza kuvimba na kurudia noti moja; likiwa 0.6 au chini inakuwa kavu na safi. Kwa spika yetu, boksi la lita 35 linatoa 0.76. Ukikosea kwa lita 5 ukapata 30, inakuwa 0.79, na hakuna sikio litakalolalamika. Hata lita 25 inatoa 0.84, ambayo wengi wanaipenda kwa kuwa inapiga kifuani.

Hesabu ya tundu: zidisha eneo la tundu (sentimita za mraba) na 30,000; gawa kwa lita za boksi zilizozidishwa na masafa unayotaka mara mbili (Hz 35 mara 35); kisha toa 0.825 iliyozidishwa na kipeuo cha pili cha eneo. Jibu ni urefu wa tundu kwa sentimita. Eneo lenyewe lisiwe dogo. Kiwango cha kufuata ni sentimita za mraba 77 hadi 100 kwa kila lita 28. Likiwa chini ya hapo hewa hukimbia sana na tundu linapuliza kama mtu anayepoza chai.

Kwa lita 55 na Hz 35, mfereji (tundu la mstatili lililojengwa kwa mbao) wa sentimita 5 kwa 34.4 una eneo la 172, na urefu wake unatoka takriban sentimita 66. Ndiyo, sentimita 66 ndani ya boksi lenye kina cha 36. Hapo ndipo mfereji unalazimika kukunja kona nyuma. Watu wengi hufika hapa wakaamua kutumia kipande kimoja cha bomba la maji taka la inchi 4, kwa kuwa linahitaji sentimita 30 tu. Urefu huo ni sahihi kwa hesabu, lakini eneo la bomba hilo ni karibu nusu ya linalotakiwa, na kwa sauti kubwa utasikia upepo kabla ya besi. Mabomba mawili yanatosha kwa eneo, ila kila moja sasa linataka karibu sentimita 67.

Kosa linalojirudia zaidi ni kusahau kwamba tundu, mbao zake na spika yenyewe vinakula nafasi. Fundi anapima ndani anapata lita 55, anafurahi, anaweka mfereji unaokula lita 15, hewa inabaki 40. Tundu lile lile la sentimita 66 sasa limepanda kutoka Hz 35 hadi 41. Ndiyo ile besi unayoisikia ikipita barabarani: noti moja inayovuma, mengine yote hayapo.

Maboksi mawili kwa vipimo

Yote mawili yana ubao wa mbele wa tabaka mbili, kwa sababu spika ya inchi 12 ina uzito na ubao mmoja hutetemeka ukikatwa shimo kubwa namna ile.

| | La kuziba | La tundu |
|---|---|---|
| Nje: upana × kimo × kina | sm 45 × 36 × 33.8 | sm 61.6 × 38 × 41.4 |
| Nafasi linayokula kwenye buti | lita 55 | lita 97 |
| Ujazo wa ndani kabla ya kutoa chochote | lita 38.1 | lita 71.8 |
| Vinavyotolewa | spika na ubao wa kukazia, lita 3 | hivyo, na mfereji na mbao zake, lita 17 |
| Hewa inayobaki | lita 35 | karibu lita 55 |
| Ubao unaohitajika | mita za mraba 0.93 | mita za mraba 1.6 |
| Uzito bila spika, kwa MDF | karibu kilo 12 | karibu kilo 20 |

Karatasi ya ubao ya futi 8 kwa 4 ina karibu mita za mraba 3. La kuziba linachukua theluthi moja. La tundu linavuka nusu kidogo, kwa hiyo nusu karatasi haitoshi na muuzaji atakulazimisha kununua nzima.

Orodha ya kumpa mkataji kwa boksi la kuziba: vipande vitatu vya 45 × 36 (mbele viwili, nyuma kimoja), viwili vya 45 × 28.4 (juu na chini), viwili vya 32.4 × 28.4 (mbavuni). Kwa la tundu: vitatu vya 61.6 × 38, viwili vya 61.6 × 36, viwili vya 34.4 × 36, halafu ukuta wa mfereji wenye vipande viwili: 34.4 × 31 na 34.4 × 24.6. Kile cha 31 kinaanza kwenye ubao wa mbele kikiwa sentimita 5 kutoka mbavuni, kinaelekea nyuma na kuacha sentimita 5 kabla ya ukuta wa nyuma. Kile cha 24.6 kinashika hapo na kwenda sambamba na ukuta wa nyuma. Urefu wa mfereji hupimwa katikati yake, kuanzia uso wa nje wa ubao wa mbele. Ukiamua kutumia ubao mmoja mbele badala ya miwili, ongeza sentimita 1.8 kwenye kile kipande cha nyuma.

Kata kwenye mashine ya meza, pale pale unaponunua ubao. Duka la mbao lenye mashine litakukatia kwa ada ndogo, na pembe zitakuwa mraba. Msumeno wa mkono kwenye milimita 18 huacha mawimbi, na kila wimbi ni mwanya wa hewa utakaouziba baadaye kwa silikoni na sala. Kazi ya nyumbani ibaki shimo la spika na la terminali (kikombe cha kuunganishia waya). Shimo la inchi 12 si sentimita 30: kwa sabufa nyingi ni kati ya milimita 278 na 283, na namba sahihi iko kwenye karatasi yake. Mtu aliyefuata ukingo wa nje wa fremu huishia na spika iliyotumbukia ndani.

MDF, plaiwudi, chipubodi, au ubao wa zege

MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi) ya milimita 18 ni nzito, haina mishipa, haina mwanya ndani, uso wake ni laini. Karatasi nzima ni karibu kilo 38. Kwa boksi litakalokaa kwenye gari kavu ndiyo chaguo rahisi, na ndiyo ninayoishauri kwa anayeanza. Adui zake ni wawili. Wa kwanza ni skurubu ya ubavuni: ukiifunga bila kutoboa kwanza, ubao unapasuka katikati kama kitabu. Wa pili ni maji. Mpira wa mlango wa nyuma ukivuja, au kijana wa kuosha gari akimwaga ndoo kwenye buti, ukingo wa chini wa MDF unavimba na haurudi tena. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, hata hewa yenyewe ina chumvi na unyevu. Huko MDF isiachwe bila rangi au gundi kwenye kingo zote, pamoja na upande wa chini usioonekana.

Plaiwudi nzuri ni nyepesi kwa karibu kilo 7 kwa karatasi, inashika skurubu vizuri, na inavumilia unyevu. Tatizo ni hilo neno "nzuri". Plaiwudi ya bei ya chini ina mapengo katikati ya tabaka. Pengo likiangukia karibu na spika linapiga kelele ya kukwaruza ambayo utaitafuta wiki nzima ukidhani spika imeungua. Kabla ya kulipa, tazama kingo zote nne, kisha gonga uso kwa kifundo cha kidole kila baada ya shubiri moja. Panapolia tofauti pana pengo.

Kenya wengi hukimbilia kile kinachoitwa mariniboodi, ubao wa kahawia au mweusi wenye ngozi ya kung'aa, unaotumika kufungia zege. Ni mgumu na haujali maji, na kwa gari la shamba au pikapu ni chaguo zuri sana. Lakini gundi ya mbao haishiki kwenye ile ngozi. Kila mahali ubao unapokutana na ubao, futa ngozi kwa msasa namba 60 hadi uone mbao tupu. Asiyefanya hivyo anabaki na boksi lililoshikwa na skurubu peke yake, na barabara ya matuta italifungua.

Chipubodi iache. Inamomonyoka penye skurubu na hainywi maji, inayabugia. Ubao wa vipande vilivyobanwa katikati ya veneer (ngozi nyembamba za mbao) nao hivyo hivyo: mzuri kwa kabati, una nyufa ndani.

Vumbi la MDF ni jembamba na gundi yake ina fomaldihaidi. Vaa barakoa ya vumbi inayobana uso vizuri, na ukatie nje.

Kuunganisha

Gundi nyeupe ya mbao ndiyo inayobeba boksi. Skurubu zinabana tu hadi gundi ikauke. Toboa kwa drili ya milimita 3, panua mdomo wa shimo ili kichwa kizame, tumia skurubu za milimita 4 × 50 kila sentimita 15, sentimita 4 kutoka kila kona. Gundi itoke pembeni ukikaza, isipotoka haikutosha. Acha saa 24.

Ubao wa kukazia kwenye boksi la kuziba ni kipande kimoja cha sentimita 5 kutoka juu hadi chini, nyuma ya spika lakini si mbele ya sumaku. Sumaku yenyewe iachiwe angalau sentimita 5 hadi ukuta wa nyuma, hasa kama ina tundu la hewa katikati.

Kona zote za ndani zizibwe. Hapa kuna mtego: silikoni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula nyuzi nyembamba za spika na kulegeza gundi zake. Ukiitumia, acha boksi wazi siku nzima au mbili kabla ya kufunga spika. Gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msasa inaziba vizuri vile vile na haina tatizo hilo.

Kwa boksi la kuziba unaweza kujaza pamba ya mito, ile ya nyuzi za plastiki, gramu 300 hadi 500 kwa lita 35. Spika itaona kana kwamba boksi limekua kwa asilimia 10 hadi 20. Katika la tundu usijaze. Inatosha kubandika tabaka jembamba ukutani, mbali na mdomo wa mfereji, vinginevyo siku moja utakuta pamba kwenye kiti cha nyuma.

Jaribio la kuziba: sukuma koni polepole kwa vidole vyote, iachie. Ikirudi kwa uvivu, boksi limeziba. Ikiruka papo hapo, kuna mwanya, na mara nyingi ni terminali au chini ya fremu ya spika. Jaribio la tundu ni tamu zaidi. Piga toni moja moja kutoka Hz 50 kushuka kwa sauti ndogo, huku ukitazama koni. Kuna mahali ambapo koni inakaribia kusimama ilhali mdomo wa mfereji unapuliza kwa nguvu. Hayo ndiyo masafa halisi ya boksi lako, si yale ya karatasini. Ikiwa ni 38 badala ya 35, refusha kipande cha nyuma kabla hujabandika kapeti; kwa sababu hiyo mafundi makini hufunga ubao wa juu kwa skurubu na utepe wa sponji wakati wa majaribio, gundi baadaye.

Kapeti, ngozi bandia au rangi

Kapeti ya gari ndiyo inayosamehe. Inaficha vichwa vya skurubu, kona zilizokosea milimita mbili, hata filla iliyopakwa vibaya. Boksi la kuziba linahitaji mita moja na nusu ya kapeti yenye upana wa mita moja; la tundu mita 2.1. Paka gundi ya mpira, ile ya fundi viatu, kwenye ubao na kwenye kapeti, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo ubandike, maana haikupi nafasi ya pili. Gundi ya kopo la kupuliza ni rahisi lakini gari lililofungwa juani huzidi nyuzi joto 60 ndani, na kapeti inaanza kujikunja kwenye kona. Kwa maungio, pandisha ncha moja juu ya nyingine, kata zote mbili pamoja kwa kisu kipya, toa vipande vya ziada: mstari hauonekani.

Mambo mawili huharibu kazi nzuri ya kapeti. Kapeti isipite chini ya fremu ya spika, kwa sababu hewa hupita katikati ya nyuzi. Kata duara lote na uweke utepe wa sponji. Na isiingie ndani ya mfereji. Kapeti ya milimita 3 pande zote mbili inapunguza sentimita 5 hadi 4.4, yaani umekata asilimia 12 ya eneo ulilolihesabu. Ndani ya mfereji pakwe rangi nyeusi isiyong'aa kabla ya kuunganisha, na kingo za mdomo zizungushwe kwa ruta (mashine ya kuchonga kingo) au msasa hadi ziwe mviringo wa kama milimita 12. Upepo unapungua kusikika.

Ngozi bandia ya viti inapendeza kuliko kapeti na inafutika kwa kitambaa chenye maji. Bei yake ni maandalizi: kila shimo la skurubu lisilojazwa filla litajichora juu yake baada ya wiki chache za joto. Jaza filla ya bodi, msasa 120 kisha 240, pitisha kiganja ukiwa umefumba macho. Pasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele ukivuta kwenye kona.

Rangi ni kwa mwenye subira. Kingo za MDF hunywa rangi kama sponji, na mstari wa maungio huja kujitokeza hata baada ya tabaka tano. Paka kingo gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu mara mbili, msasa 240, praima, msasa 400, praima tena, ndipo rangi. Anayetaka rangi bila mateso hayo achukue ile ya chembechembe inayopakwa kwenye bodi za pikapu: inaficha, haikwaruziki, inavumilia maji, na kwa boksi la plaiwudi kwenye gari la kazi ndiyo ningeichagua mbele ya kapeti.

Gari lipi, boksi lipi

Vitz, Passo na ndugu zao: la kuziba, bila mjadala. Lita 97 ndiyo buti yote. Ukitaka kulipunguza zaidi, shuka hadi sabufa ya inchi 10 na lita 18 hadi 22 za hewa.

Premio na saluni nyingine zina buti kubwa lakini imefungwa. Besi inapita kwenye kiti cha nyuma na kwenye rafu. Yote mawili yanafanya kazi, na mara nyingi kuelekeza spika nyuma kwenye mlango wa buti kunatoa zaidi kuliko kuielekeza mbele. Geuza boksi, sikiliza, ndipo ulifunge.

Probox, Fielder na Noah ndipo la tundu linapostahili. Ila angalia spea iko wapi kabla ya kufunga boksi la kilo 20 pamoja na spika ya kilo 6 au 8 juu ya kifuniko chake. Pancha usiku njiani si wakati wa kutafuta bisibisi. Kamba mbili za kubana kwenye pete za sakafu zinafaa kuliko bolti, kwa sababu zinafunguka kwa dakika moja. Kama lazima bolti, lala chini ya gari kwanza utazame tangi la mafuta na mabomba ya breki yanapita wapi. Na boksi lisiachwe bila kufungwa hata kwa safari ya sokoni: gari likisimama ghafla, kilo 28 za mbao na sumaku zinaendelea na safari kuelekea viti vya mbele.

Baada ya wiki mbili za barabara, kaza skurubu za spika. Kwenye MDF hulegea; zikilegea mara ya pili, toboa upya na uweke bolti zenye nati zilizopachikwa nyuma ya ubao.